Tazama Miguu Kwanza: Namna ya Kupima Katuni za Kale Zilizotoka Gazetini

Zima sauti, tazama miguu. Katika filamu fupi za katuni za kabla ya 1940, hasa zile zilizoazima wahusika wao kwenye kurasa za magazeti ya Marekani, miguu haiongopi. Mchoraji hodari huufanya mguu ushike ardhi: kisigino kinatua, goti linapokea uzito, kiwiliwili kinashuka kidogo kabla ya hatua inayofuata. Mchoraji mzembe humtelezesha mhusika kama kikaragosi kinachokokotwa kwa uzi, huku ukuta ulio nyuma yake ukipita kwa kasi isiyolingana kabisa na hatua zake. Ukishayazoesha macho tofauti hiyo, filamu kadhaa zinazosifiwa kwa sababu tu ni kongwe zitakushukia thamani, na chache utazipenda zaidi.

Wengi huzipima filamu hizi kwa kuuliza kama zinafanana na katuni ya gazetini. Kufanana si kazi ngumu. Pua, kofia na suruali vinatosha kumtambulisha mtu kwenye karatasi, na mwanafunzi yeyote wa uchoraji anaweza kuvinakili. Kwenye skrini mtu hutambulishwa na namna anavyonyanyuka kitini, anavyogeuka akiitwa, anavyongoja kabla ya kurusha ngumi. Mhusika wa gazetini amezaliwa amesimama ndani ya kisanduku. Mwendo wake anaubuni msomaji kichwani mwake. Filamu inapomchukua lazima ijibu jambo ambalo gazeti halikuwahi kulijibu: huyu ana uzito gani? Hapo ndipo pa kuipimia.

Anza na Winsor McCay, japo atakufanya uwe mkali kwa wengine wote. Katuni yake ya Little Nemo in Slumberland ilianza kutoka katika New York Herald tarehe 15 Oktoba 1905, na kurasa zake za Jumapili zilijaa majumba yanayorefuka na kitanda kilichoota miguu mirefu kikapita juu ya mapaa ya mji. Mwaka 1911 alichora kwa mkono wake michoro ipatayo 4,000 kwa wino juu ya karatasi nyembamba, kampuni ya Vitagraph ikaipiga picha, naye akaichukua filamu na kuionyesha katika maonyesho yake ya jukwaani. Haina mandhari ya nyuma wala kisa cha maana. Flip, mmoja wa wahusika wa katuni hiyo, anatokea, na maneno yaliyo juu ya kichwa chake yanatuamuru tumwangalie anavyojongea. Hiyo ndiyo hadithi yote.

Lakini angalia pale Nemo anapowavuta na kuwabana wenzake, wakarefuka na kufupika kama waliosimama mbele ya kioo kilichopinda. Kofia, mikunjo ya nguo na vidole vyote vinavutika kwa uwiano mmoja. Hakuna kiungo kilichosahauliwa. Kisha linakuja joka lenye kiti mdomoni, Nemo na Binti Mfalme wanapanda, nalo linaondoka likienda mbali. Linapopungua ukubwa, linapungua sawasawa kila upande. Wachoraji wa miaka ishirini baadaye, wenye vifaa vingi na wasaidizi wengi, mara nyingi waliepuka kabisa kumchora mhusika akienda mbali na macho yetu. Walimpitisha kushoto kwenda kulia, basi.

Hapa pana kosa ambalo wapimaji wapya hulifanya. Wanaona mistari inatetemeka katika kazi za McCay na kudhani ni udhaifu wa mkono. Katika Gertie the Dinosaur ya 1914, milima na ziwa vilichorwa upya katika kila karatasi, kazi aliyoifanya kijana aliyemsaidia, John Fitzsimmons. Mistari elfu kadhaa ya mlima uleule haiwezi kulala mahali pamoja, kwa hiyo mlima unapumua. Mtetemeko wa namna hiyo, unaoienea picha nzima, ni alama ya kazi ya mkono. Wa kutiliwa shaka ni ule wa mhusika mmoja anayerukaruka huku kila kitu kingine kimetulia tuli: hapo karatasi hazikushikwa vizuri zilipokuwa zikipigwa picha.

Tatizo hilo la kushika karatasi lilitatuliwa na Raoul Barré, Mkanada wa Montreal aliyefungua studio New York mwaka 1914. Alitoboa matundu kwenye karatasi na kuzivisha kwenye vijiti vilivyokaza, kila mchoro ukakaa pale ulipokaa mwenzake. Mbinu yake nyingine ilikuwa kuichana karatasi ili ya chini ionekane, mandhari ikachorwa mara moja tu. J. R. Bray yeye alichapisha mandhari kwa mashine kwenye karatasi nyingi na kuacha sehemu tupu kwa ajili ya wahusika. Halafu Earl Hurd akaleta karatasi angavu ya selulodi, mhusika akachorwa juu yake na mandhari ikabaki chini.

Msomaji asiyejali historia ya vifaa anaweza kulipita hilo, ila mpimaji asilipite, maana mbinu huacha alama. Ukiona chumba ambacho meza na viti vimesukumwa pembeni na katikati pameachwa peupe kama uwanja, na mhusika hapiti kamwe mbele ya kiti, unatazama kazi ya karatasi iliyochapishwa au kuchanwa. Usimlaumu mchoraji kwa nafasi ile tupu. Mlaumu akishindwa kuitumia.

Mutt na Jeff waliitumia. Katuni ya Bud Fisher ilianza San Francisco mwaka 1907, na filamu zake, ambazo zilifika mamia, zilitengenezwa kuanzia 1916 na Barré pamoja na Charles Bowers. Mmoja mrefu mwembamba, mwingine mfupi mwenye upara: tofauti hiyo ya kimo ndiyo hazina yenyewe, kwa sababu miguu mirefu na mifupi ikikimbia pamoja haiwezi kwenda kwa mdundo mmoja. Katika filamu nzuri za mfululizo huo Jeff anapiga hatua mbili au tatu Mutt akipiga moja. Katika zile mbovu wote wawili wanatumia mzunguko uleule wa michoro, mmoja umepunguzwa ukubwa. Jina la Fisher lilikaa kubwa kwenye kila filamu ingawa si yeye aliyekuwa mezani akichora. Jina la kwenye bango, kwa filamu za zama hizo, halina uzito wowote katika kupima.

Sasa Krazy Kat, ambako kigezo cha kufanana kinawapotosha watu zaidi kuliko kwingine. George Herriman alianza kuichora kama katuni inayojitegemea katika New York Evening Journal mwaka 1913, akaendelea nayo hadi alipofariki mwaka 1944. Kisa ni kilekile daima: panya Ignatz anamtupia paka Krazy tofali, Krazy analipokea tofali kama zawadi ya mapenzi, na askari mbwa anamtia panya ndani. Uzuri wake uko katika maneno yaliyopindwa na katika jangwa la Coconino, ambako mwamba ulio nyuma ya wahusika unakuwa mti katika kisanduku cha pili na mwezi katika cha tatu, na mazungumzo yanaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

William Randolph Hearst, mwenye magazeti, aliwaingiza wahusika wake kwenye filamu kupitia studio aliyoianzisha mwishoni mwa 1915 na kuifunga 1918, Gregory La Cava akiwa msimamizi. Krazy wa 1916 anafanana sana na wa Herriman. Masikio ni yale, mkia ni ule, hata viputo vya maneno vimehamishwa kutoka gazetini. Tatizo ni hivyo viputo: kila kimoja kinapotokea mhusika anaganda, tunasoma, kinafutika, anaendelea. Filamu inakuwa gazeti linalofunguliwa polepole. Na tofali, ambalo kwenye karatasi lina mstari wake wa kuruka na kishindo chake, kwenye skrini linapita tu. Hakuna aliyejiuliza lina kilo ngapi.

Studio za baadaye zilikosea kinyume chake. Kuanzia 1925 Krazy alichorwa upya hata akawa karibu pacha wa paka Felix, na filamu zake zenye sauti zilipoanza mwaka 1929 akasogezwa karibu na panya Mickey wa Disney, akapewa mpenzi na ala za kupigia muziki. Wengi huzidharau filamu hizo za pili kwa sababu hazina Herriman ndani yake. Ni kweli hazina. Hata hivyo Bill Nolan, aliyezianzisha zile za 1925, alikuwa na mkono mwepesi kweli. Mikono na miguu ya wahusika wake inapinda bila kiwiko wala goti kama mpira wa maji, na mtindo huo ulienea New York nzima. Mimi ningeitazama tena filamu ya Nolan isiyo na Herriman kabla ya kuirudia ya 1916 iliyo na sura yake tu. Mwaka 1936 ilitengenezwa Lil' Ainjil, jaribio la kurudisha panya, mbwa na tofali. Itazame kama ushahidi kwamba vitu vyote vya Herriman vinaweza kuwepo na Herriman mwenyewe akakosekana.

Aliyefaulu ni Popeye. E. C. Segar alikuwa na katuni yake, Thimble Theatre, tangu Desemba 1919, na baharia yule mwenye jicho moja alijitokeza tarehe 17 Januari 1929 akiwa mtu wa kukodiwa kwa safari moja tu. Wasomaji hawakukubali aondoke. Mtengenezaji wa katuni Max Fleischer alimleta kwenye skrini Julai 1933, ndani ya mfululizo wa Betty Boop, na kwa kigezo cha kufanana alimpokonya Segar karibu kila kitu. Hadithi za Segar zilichukua wiki nyingi na zilijaa maneno. Filamu ina dakika saba. Bluto, ambaye gazetini alipita katika kisa kimoja mwaka 1932, akafanywa adui wa kudumu. Spinachi, ambayo kwa Segar ilitajwa mara mojamoja, ikawa ufunguo wa kila pambano.

Kilichobaki cha Segar ni vigasha. Vile vigasha vilivyovimba kupita mikono yenyewe ndivyo Fleischer alivyovijengea mwendo wote: Popeye anatembea akiyumba kwa sababu uzito wake uko chini ya viwiko, na anapopiga, bega linatangulia, kigasha kinachelewa, ngumi inafika mwisho. Pia ngumi hiyo haivunji tu, bali hugeuza. Katika I Eats My Spinach ya 1933 fahali anapigwa mara moja na anatua akiwa bucha, vipande vyote vimekwisha pangwa. Gazeti lingehitaji visanduku viwili kwa mzaha huo, na kati ya viwili hivyo ungepotea.

Kama una muda wa filamu moja, chukua A Dream Walking ya 1934. Olive, mpenzi wa Popeye, anatembea usingizini juu ya vyuma vya jengo refu linalojengwa, huku Popeye na Bluto wakigombania nani amwokoe. Olive hatazami anakokanyaga, na kila mara chuma kinafika chini ya mguu wake sekunde ileile anapouhitaji. Muziki unashika hatua zake. Wale wawili wanapigana nje ya mdundo huo, wanaanguka, wanapanda tena. Nyayo tatu, miendo mitatu, na mchoraji hakuchanganya hata mmoja.

Sasa washa sauti. Tofauti na Disney, Fleischer alikuwa akirekodi sauti baada ya michoro kukamilika. Ndiyo maana midomo mara nyingi haichezi, na ndiyo maana Jack Mercer, aliyeshika sauti ya Popeye kuanzia 1935, alipata nafasi ya kuguna na kunong'ona mizaha ambayo hakuna mchoraji aliyeichora. Anayetaka midomo ilingane na maneno ataona kasoro. Mimi naona vichekesho viwili kwa bei ya kimoja. Sikiliza pia Gus Wickie akiwa Bluto, hasa pale anapoimba.

Anaimba katika Popeye the Sailor Meets Sindbad the Sailor ya 1936, filamu ndefu ya rangi ambayo msomaji wa Alfu Lela Ulela ataitazama kwa jicho lake mwenyewe: Bluto ndiye Sindbad, kisiwa chake kimekaa mgongoni mwa nyangumi, na yule ndege mkubwa anatumwa kwenda kuizamisha merikebu ya Popeye. Sindbad anapotembea pangoni akijisifu, pango nyuma yake lina kina cha kweli. Fleischer alijenga seti ndogo juu ya meza inayozunguka na kusimamisha selulodi mbele yake kati ya vioo. Inapendeza sana, lakini usifumbwe macho. Mchoro uko mbele ya seti, haumo ndani yake, kwa hiyo zipo hatua ambapo nyayo hazigusi mwamba na mwanga wa pango haumwangukii Sindbad. Filamu ilishindania tuzo ya Academy ikaikosa. Kwangu ni kazi kubwa kuliko zile ndogo nyeusi na nyeupe, si bora kuliko zote.

Kabla ya kuhukumu chochote, kagua nakala. Filamu bubu zilipigwa kwa kasi ya chini kuliko fremu 24 kwa sekunde. Zikionyeshwa kwa 24, kila mtu anakimbia na huwezi kupima hatua. Za Popeye ziliuzwa mwaka 1956 kwa ajili ya televisheni na nembo za Paramount, wasambazaji wake, zikatolewa. Baadaye, mwaka 1987, zile nyeusi na nyeupe zilichorwa upya zote kwa rangi: vivuli vya kijivu vikawa rangi bapa, na miendo ya katikati ikapotea, ngumi ikaruka kutoka begani hadi taya bila kupita njiani. Rangi halali kwa Popeye wa Fleischer zimo katika zile filamu tatu ndefu tu, ya Sindbad, ya Ali Baba ya 1937 na ya Aladdin ya 1939. Ukiletewa A Dream Walking yenye rangi, irudishe, ukatafute toleo lililosafishwa na kutolewa kwenye DVD mwaka 2007.