Maandishi ya Siri na Utawala wa Kundi: Usawiri wa Wasichana katika Futuhi Tatu za Shule

Filamu za Marekani zinazosawiri maisha ya shule ya upili kwa ucheshi zimetolewa hukumu mbili zilizozoeleka. Ya kwanza ni kwamba futuhi hizo ni za kupitishia wakati tu, kwa hivyo hazistahili uhakiki wa kina. Ya pili huzipa uzito, lakini huona ndani yake ithibati kwamba wasichana wa umri huo wameumbwa na husuda, na kwamba vikundi vyao ni zao la maumbile hayo. Makala haya yanazikataa hukumu zote mbili. Kwa kuchunguza Heathers (1989), Clueless (1995) na Mean Girls (2004), inadaiwa hapa kwamba nguzo ya mamlaka ya kundi si maumbile bali ni maandishi: waraka wa siri, ulioghushiwa au usio na jina la mwandishi.

Filamu hizi zina uhusiano unaoruhusu kulinganishwa kwake. Heathers iliandikwa na Daniel Waters na kuongozwa na Michael Lehmann. Clueless, iliyoandikwa na kuongozwa na Amy Heckerling, ilichota msuko wake kutoka Emma, riwaya ya Jane Austen iliyotoka Desemba 1815. Mean Girls iliandikwa na Tina Fey kutokana na kitabu cha Rosalind Wiseman cha mwaka 2002, ambacho si cha kubuni bali ni cha ushauri kwa wazazi. Mwongozaji wake, Mark Waters, ni ndugu yake Daniel Waters. Chimbuko la filamu hizi basi ni tofauti: ya kwanza ni tashtiti iliyobuniwa moja kwa moja, ya pili ina mzizi katika riwaya, na ya tatu katika ushauri wa malezi. Kufanana kwake katika jambo moja hakuwezi kuelezwa kwa uigaji peke yake.

Katika Heathers, Veronica Sawyer anakubaliwa na wasichana watatu wenye jina moja la Heather kwa sababu ya kipaji kimoja: anaweza kuiga hati ya mtu yeyote. Kazi yake ya kwanza tunayoishuhudia ni kughushi barua ya mapenzi ili Martha Dunnstock, msichana mnene asiye na rafiki, achekwe mbele ya wote. Heather Chandler anapokufa kwa sumu, kipaji kile kile kinatumika kuandika waraka wa kuaga dunia. Kinaya ni kwamba waraka huo wa uwongo unampa marehemu kina cha nafsi ambacho hakuwahi kuwa nacho. Walimu na wanafunzi wanaujadili na kumpenda zaidi akiwa kaburini kuliko alipokuwa hai. Hatimaye Heather Duke anakusanya saini za wanafunzi bila kujua kwamba J.D. anataka kuzigeuza kuwa saini za waraka wa kujiua kwa shule nzima. Shule inatia saini isichokisoma. Ucheshi wa filamu hii ni mchungu kwa kuwa unaonyesha jamii inayoamini karatasi kuliko inavyowaamini watu.

Clueless inaonekana kuwa kinyume cha hayo. Cher Horowitz hana nia mbaya, na Beverly Hills yake ina jua na mavazi mazuri tu. Hata hivyo, anapotaka alama bora, silaha yake ni barua isiyo na jina anayomwekea Bi. Geist ili mwalimu huyo aanze kumpenda Bw. Hall. Ndani yake ametia maneno ya Shakespeare aliyoyapata katika vitabu vya muhtasari, si katika soneti yenyewe. Barua inazaa matunda: walimu wawili wapweke wanaoana na wanafunzi wanapumua. Hapa Heckerling anauliza swali gumu. Je, maandishi ya hila yanayoleta heri yana lawama? Jibu linapatikana kwa Tai. Cher anamwandika upya msichana huyo mgeni kana kwamba naye ni waraka: nywele, msamiati, hata mwanamume wa kumpenda. Tai anapokuwa maarufu kuliko mwandishi wake, anamgeukia kwa ulimi ule ule aliofundishwa. Heri ya walimu haifuti udhalimu wa kumfanya mwenzako rasimu.

Mean Girls inalidhihirisha jambo hili waziwazi zaidi. Kundi la Plastics linalotawaliwa na Regina George lina kitabu cha matusi dhidi ya wanafunzi na walimu. Cady Heron anayejiunga nalo kama jasusi anaishia kuchangia humo, na kumsingizia Bi. Norbury biashara ya dawa za kulevya. Tendo la werevu zaidi katika filamu ni la Regina: anajitukana mwenyewe kitabuni ili asishukiwe, kisha anatawanya nakala za kurasa zake. Shule inalipuka. Waliotajwa wanapigana wao kwa wao, na mwandishi hayupo wa kujibu.

Huenda ikadaiwa kwamba umbea wa mdomo una nafasi kubwa zaidi. Ni kweli kwamba katika Mean Girls simu ni mtego, na kwamba Janis aliumizwa na uvumi alioueneza Regina. Lakini umbea una msemaji. Anaweza kufuatwa, kuulizwa, hata kukana. Maandishi yasiyo na jina hudumu baada ya hasira iliyoyazaa, na hujifanya sauti ya umma.

Northrop Frye, katika Anatomy of Criticism (1957), anaeleza kwamba futuhi huelekea kuunda jamii mpya inayomkusanya hata aliyekuwa kizuizi. Katika filamu hizi, mlango wa jamii hiyo ni kukiri au kuacha uandishi. Cady anakubali kwamba yeye ndiye mwandishi wa kitabu, akibeba hata makosa ya wengine. Baadaye analivunja taji la plastiki na kugawa vipande. Veronica anamnyang'anya Heather Duke utepe mwekundu wa nywele, kisha anamwendea Martha ana kwa ana, bila barua. Hata hivyo ipo tofauti ya msingi: taji linavunjwa, utepe unavaliwa. Heathers haituhakikishii kwamba kiti cha enzi kimeondolewa. Kimepata tu mkaaji mwema zaidi.

Kasoro ya Mean Girls inaonekana inapoligusa bara letu. Cady amelelewa na wazazi wataalamu wa wanyama, na anatambulishwa kuwa ametoka Afrika, kana kwamba Afrika ni mtaa mmoja. Filamu inawacheka Wamarekani kwa ujinga huo: Bi. Norbury anamkaribisha msichana mweusi aliyetoka Michigan, naye Karen anashangaa Mwafrika kuwa mweupe. Lakini yenyewe inautumia ujinga huo huo. Duka kubwa linageuka kisima cha maji mbugani na wanafunzi wanarukiana kama wanyama. Toleo la kimuziki la 2024 liliitaja Kenya kwa jina, lakini asili ya jazanda ilibaki ile ile. Jazanda hiyo inarejesha kwa mlango wa nyuma hukumu ya maumbile. Simba hana kitabu cha matusi. Swala haghushi hati. Filamu iliyoonyesha kwa makini jinsi ukatili unavyoandikwa, kunakiliwa na kusambazwa inatuambia papo hapo kwamba ni silika ya porini, na pori hilo ni kwetu.

Kwa msomaji wa Kenya suala hili si dogo. Kuwaona wasichana kama kundi la wanyama ni kuwanyima uwezo wa kuwajibika, na kuiona Afrika kama mbuga ni kuinyima watu. Wosia bora wa futuhi hizi uko katika msuko wake, si katika jazanda zake: kilichoandikwa kina mwandishi, na mwandishi anaweza kutajwa, kuulizwa, na kujibu.