Faraday, Dhahabu na Neno Lililokosekana

Mwanafunzi mmoja wa fizikia anayechukua Kiswahili kama somo la ziada aliniuliza darasani iwapo lugha hii inaweza kubeba mada kama rezonansi ya plazimoni. Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwani swali hilo hutukabili walimu wa lugha kila tunapoambiwa tubaki na methali na mashairi yetu. Makala haya yanajaribu kulijibu kwa kuhakiki andiko moja la sayansi: mhadhara wa Michael Faraday kuhusu dhahabu na mwanga, alioutoa mbele ya Royal Society, London, mwaka 1857.

Faraday alikuwa mtoto wa mhunzi, akafunzwa kazi ya kujalidi vitabu, na hisabati yake ilikuwa haba. Kwa hiyo andiko lake linategemea vitenzi kuliko milinganyo. Anachukua utando wa dhahabu ulio mwembamba kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita, anaubandika juu ya kioo na kuuelekeza kwenye mwanga. Dhahabu tunayoiona ya manjano inapitisha mwanga wa kijani! Anaupasha moto, ukijani unatoweka. Anaukandamiza kwa jiwe gumu, ukijani unarudi. Kisha anatengeneza kimiminiko chekundu kama yakuti, na kudai kwamba wekundu huo ni dhahabu ileile, ila imegawanyika kuwa chembe ndogo mno.

Ubora wa andiko hili ni uaminifu wake. Mapema kabisa mwandishi anakiri kwamba aliyoyapata bado hayana thamani kubwa, ila yanadokeza mengi. Ni wangapi kati yetu huandika hivyo katika tasnifu? Udhaifu wake ni mpangilio. Majaribio yanarundikwa moja juu ya jingine, na msomaji hupotea akitafuta kiini.

Hata hivyo, kiini hicho hakingeweza kupatikana wakati ule. Elektroni ilitambuliwa mwaka 1897, na neno plazimoni lilizuka katika miaka ya 1950. Faraday aliona jambo kabla ya jina lake kuzaliwa, naye alilieleza kwa maneno ya kawaida bila kuliharibu. Hapo ndipo jibu la mwanafunzi wangu lilipo.

Nasi tujaribu. Elektroni huru za dhahabu au fedha huweza kuyumba kwa pamoja, kama maji ndani ya beseni. Wimbi la namna hiyo likisafiri juu ya uso wa metali, ndiyo plazimoni ya uso. Mwaka 1968, huko Ujerumani, Andreas Otto, na vilevile Erwin Kretschmann na Heinz Raether, walionyesha jinsi ya kuliamsha kwa kutumia mche wa kioo. Katika mpango wa Kretschmann, mche hupakwa utando wa metali wa takriban nanomita 50. Mwanga ukiupiga kwa pembe moja maalumu, karibu wote humezwa na wimbi hilo, na ule unaoakisiwa hufifia ghafla. Molekuli zikinata juu ya metali, pembe hiyo husogea. Mwaka 1983 watafiti wa Sweden walitumia msogeo huo kutambua kingamwili.

Sasa tuangalie istilahi. Wapo wanaotafsiri rezonansi kuwa "mwangwi". Naona hilo ni kosa. Mwangwi ni sauti inayorudi baada ya kugonga kitu. Rezonansi ni mtoto kwenye bembea: ukimsukuma kwa mapigo yanayolingana na mwendo wake, anapaa, ukikosea wakati, unamzuia. Anayesema "mwangwi" humfundisha mwanafunzi fizikia isiyo sahihi, na kisha lawama huangukia Kiswahili! Afadhali tuandike rezonansi na kuifafanua kwa bembea, hadi istilahi bora ipatikane.

Mada hii haiko mbali nasi. Mstari mwekundu katika vipimo vingi vya haraka vya malaria hutokana na chembe za dhahabu, wekundu uleule wa Faraday. Mgonjwa anayeuona mstari huo katika kituo cha afya anastahili kuelezwa kwa lugha anayoielewa.

Kwa hiyo, Kiswahili hakijavunjika mgongo. Kinachohitajika ni mwalimu atakayeielewa mada kwanza, ndipo atafute neno.