Layna Ziliinuka Hedi Ikiwa Mezani

Mlioifuata kwenye video kazi ya kuirejesha ile Peugeot 504 nyeupe tangu siku ilipovutwa kutoka chini ya mwembe mnajua ni dakika ipi ninayoizungumzia. Hedi imeshatolewa, iko mezani. Vichwa vya pistoni vina masizi mazito. Mwenye gari anashika spana, anaikamata nati ya puli ya kranki, anazungusha mpaka pistoni ya pili na ya tatu zipande, anazikwangua. Anazungusha tena, ya kwanza na ya nne zinapanda, nazo anazikwangua. Anapuliza vumbi, anaweka gasketi mpya, anarudisha hedi. Muda wote huo hapakuwa na kitu chochote kilichozibana layna za silinda.

Injini ile iliharibiwa pale, tena na mtu aliyeitendea mema kuliko wote waliowahi kuimiliki. Maji yanayopungua kila baada ya safari, geji inayopanda mlimani, oili iliyogeuka rangi ikawa kama chai ya maziwa, chanzo chake ni dakika ile. Hukumu naitoa mapema kwa sababu nimewasikia watu wakiilaumu rejeta, wakailaumu pampu ya maji, wakalilaumu joto la Tanga, na sasa wamehamia kwenye gasketi. Gasketi haina kosa. Ilifungwa vizuri, kwa spana ya torki, kuanzia boliti za katikati kwenda pembeni, na ilikazwa tena injini ilipopata moto na kupoa. Lakini iliwekwa juu ya layna ambazo hazikuwa tena mahali pake.

Turudi kwenye injini yenyewe, maana wengi wetu tumezoea injini za Kijapani ambazo silinda zake zimetobolewa ndani ya bloku lenyewe. XN1 ya 504, ile ya sentimita za ujazo 1,971, haiko hivyo. Silinda zake ni layna nne za chuma zenye kipenyo cha milimita 88, kila moja imesimama peke yake ndani ya bloku na maji yanaizunguka moja kwa moja. Chini layna imekaa kwenye kikalio kilichochongwa ndani ya bloku, na kati ya layna na kikalio kuna pete nyembamba ya kuzuia maji yasishuke kwenye sampu. Juu hakuna kilichoishika ila hedi. Ndiyo maana kiwandani walihakikisha ukingo wa layna unachomoza juu ya uso wa bloku kwa sehemu chache za mia za milimita moja: hedi inaposhuka, inaikanyaga layna kwanza, inaibana kwenye pete yake, ndipo inapokutana na bloku. Pete ile na mchomozo ule ndivyo vinavyozuia maji yasikutane na oili. Hakuna kitu kingine.

Sasa toa hedi. Layna imebaki imeshikiliwa na pete iliyozeeka na kutu kidogo. Zungusha kranki. Pistoni inapanda, ringi zake zinasugua ukuta wa layna, na layna inafuata. Rudini mkaitazame tena sehemu ile, punguzeni mwendo wa picha, muiangalie layna ya tatu. Pistoni inapokaribia juu, ukingo wa layna unapanda nayo, kidogo tu, kisha unashuka pistoni inapogeuka. Kamera imeona jambo ambalo mwenye mkono hakuliona.

Kushuka kwake kusimdanganye mtu. Ilipoinuka, pete ya chini iliachana na kikalio, na pale penye uwazi pakaingia kutu na magamba ya chokaa ya miaka yote ambayo gari lile lilinyweshwa maji ya kisima. Injini ya 504 imelazwa upande kwa nyuzi 45, kwa hiyo uchafu wa ndani ya bloku una upande wake wa kukusanyika, na hapo ndipo layna ilipokuja kukalia. Ikishuka juu ya uchafu, mambo mawili hutokea. Pete haizibi tena, maji yanapata njia ya kwenda kwenye sampu. Na mchomozo unabadilika: layna moja imesimama juu kuliko jirani yake, hedi inabana hapa na kulegea pale, hata gasketi iliyo nzima inaanza kupitisha moto. Dalili zote mbili tunazo kwenye gari lile.

Kinachoniuma ni kwamba kinga yake ni vipande vya bomba na washa pana. Unakata bomba fupi, unalipitisha kwenye boliti za hedi, unaweka washa inayokanyaga ukingo wa layna mbili kwa pamoja, unakaza kwa mkono wa wastani. Basi. Kranki unaizungusha utakavyo. Fundi yeyote aliyepita kwenye gereji za Peugeot alikuwa na vipande hivyo kwenye sanduku lake. Hata hedi yenyewe hawakuwa wakiing'oa kwa kuivuta moja kwa moja juu, maana ikiwa imegandana na layna itazinyanyua. Waliiyumbisha kwanza kwa vyuma viwili vilivyoingizwa kwenye matundu ya boliti, mpaka iachane na gasketi, ndipo wakainyanyua. Mwenzetu alitumia tindo na nyundo ya mpira, akaivuta. Huenda safari ya layna ilianzia hapo hapo.

Na hata baada ya kuzungusha, bado palikuwa na nafasi ya kuokoa kazi. Kabla ya kurudisha hedi ni lazima upime mchomozo wa kila layna, kwa geji ya mshale au kwa rula iliyonyooka na fila geji. Hiyo ni kazi ya muda mfupi kuliko kukwangua pistoni moja. Vipimo vinne vingemwambia kwamba layna ya tatu imekaa vibaya. Alikuwa na rula nzuri mezani, tena alishaitumia kupima kama hedi imepinda! Hakuigeuza akaiweka juu ya bloku. Sielewi kwa nini, na maelezo aliyoyatoa baadaye, kwamba hedi ikikazwa itazikalisha layna zenyewe, ni maelezo ya kukataliwa na kila anayependa magari haya. Hedi ya aluminiamu haisagi magamba ya chokaa. Inapinda.

Mengine aliyafanya vizuri. Sakafu na sili zilikatwa mpaka kwenye bati zima zikachomelewa upya, hazikufunikwa kwa puti. Kabureta ya Solex ilifunguliwa ikarudishwa kwa mpangilio. Breki, nyaya za umeme na bushi za nyuma hazina la kusemwa.

Kwenye feni nampa heko ya pekee. Peugeot waliweka kwenye 404, na baadaye kwenye 504, feni inayoshikwa na klachi ya sumaku ya umeme: maji yakipata moto inashika, yakipoa inaachia. Gereji zetu, tangu nikiwa kijana, zimekuwa zikiikaza feni hiyo kwa boliti ili izunguke daima, na nimeandika dhidi ya tabia hiyo mpaka wengine wamechoka kunisoma. Yeye alibadilisha kaboni na swichi ikafanya kazi kama ilivyokusudiwa. Mtu mwenye subira ya namna hiyo hakuwa na sababu ya kuikosa subira mbele ya layna.

Lakini gari lilipoanza kuchemsha, alifanya lile ambalo nililiogopa. Alitoa themostati. Ndugu zangu, themostati si ugonjwa wa injini. Ikikwama inabadilishwa, haitupwi. Bila themostati injini inaendeshwa ikiwa baridi, petroli inaosha oili kwenye kuta za layna, ringi zinalika upesi, na geji inayosoma chini inamdanganya dereva kwamba tatizo limekwisha. Katika injini zenye njia ya maji ya pembeni ni vibaya zaidi, kwa sababu kuna maji yanayozunguka ndani ya injini bila kuiona rejeta. Nusu ya injini za zamani zilizokufa katika miji yetu zilianza kufa siku fundi aliposema nchi hii ina joto, haihitaji themostati. Gari hili lilibuniwa na watu waliojua nchi zenye joto. Lilitoka 1968, likawa gari la mwaka barani Ulaya 1969, na Ufaransa ilipoacha kuunda saluni zake 1983, Kenya na Nigeria ziliendelea kuziunganisha. Themostati ilikuwemo muda wote huo.

Wapo waliomshauri sasa aing'oe injini, aweke ya Toyota, apumzike. Asiwasikilize. Asiwasikilize pia wale wa silikoni, wanaotaka layna zitolewe na pete za chini zibadilishwe kwa kupaka gundi nyekundu. Pete zile zina unene uliokusudiwa, na mchomozo unapatikana kwa kuchagua unene huo. Silikoni haina unene. Ikizidi inaminyika, kipande kinakatika, kinakwenda kuziba chujio la pampu ya oili.

Ninapoitazama kazi hii siwezi kuacha kuwakumbuka watu waliozitumia injini hizi kwa kazi ngumu kuliko yoyote atakayoifanya mwenzetu. Injini ya 504 ni ya ukoo wa ile ya 404, yenye layna za majini vilevile na mlalo uleule. Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda mashindano ya magari ya Safari ya 1963 kwa 404, mwaka ambao magari 84 yalianza na 7 tu yakafika mwisho. Walishinda tena 1968 kwa 404, magari 93 yakianza, na yaliyomaliza yakiwa 7 vilevile. Kati ya ushindi huo wa mara mbili, Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, na Chris Rothwell walichukua 1966 na 1967, mara mbili mfululizo, kwa 404. Safari ya wakati huo ilikuwa ya Pasaka, msimu wa masika, tope jeusi mpaka kwenye ekseli, hedi ikipata moto na kupozwa na maji ya mito usiku kucha. Layna iliyokalia uchafu isingeuona hata mji wa pili. Magari yale yalifungwa na watu waliopima.

Na Joginder Singh. Wengi wanamkumbuka kwa usukani, mimi namkumbuka kwa spana. Alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva wa mashindano. 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika kwenye mashindano, si gari jipya la kiwanda. Alishinda tena 1974 na 1976 akiwa na Mitsubishi Colt Lancer, na kati ya Safari 22 alizoanza alimaliza 19. Dereva hafiki mwisho mara 19 katika barabara zile kwa bahati. Hufika kwa kulijua gari lake mpaka chini ya layna. Hao ndio kipimo changu kwa watu wanaojiita warejeshaji wa magari ya zamani, na najua kipimo hicho ni kikali kwa mtu anayefanya kazi uani kwake jioni baada ya ofisi. Hata hivyo yeye ana kitu ambacho wengi wa wakati ule hawakuwa nacho: muda. Hakuna saa inayomkimbiza. Angeweza kuziacha pistoni na masizi yake mpaka kesho, akatafuta bomba na washa nne.

Wanaoandaa maonyesho ya magari ya zamani nao wajitazame. Waamuzi wanafungua boneti, wanaangalia rangi ya kava ya tapeti na kung'aa kwa mabomba, wanaandika alama. Sijaona mwamuzi akichomoa kijiti cha oili. Mtu akijua kijiti kitachomolewa, atapima mchomozo.

Kwa mwenye gari lenyewe, neno langu ni hili. Usiliwashe tena, hata kwa kulisogeza kivulini, kwa sababu oili yenye maji inakula metali za kranki kila injini inapozunguka. Mwaga oili, toa sampu, ng'oa hedi kwa kuiyumbisha. Fungua kofia za kon-rodi, uzitoe layna zote nne pamoja na pistoni zake, kila moja ikiwa na alama ya namba yake na upande ilioelekea. Kagua metali, na zikiwa na mikwaruzo au zimebadilika rangi, weka mpya. Kwangua vikalio mpaka chuma kionekane, osha bloku lote, weka pete mpya, pima mchomozo wa kila layna ukilinganisha na kitabu cha injini yako, kisha zibane kwa bomba na washa. Kabla ya kurudisha sampu, jaza maji kwenye bloku, tandika gazeti kavu chini, uliache mpaka asubuhi. Gazeti likiwa kavu, funga hedi, rudisha themostati, utie kulanti badala ya maji ya kisima. Likiwa na tone moja, zitoe tena.