Piano ya opera: nani anaisikia?

Mwaka jana, katika kwaya yetu, tulikuwa tunachanga pesa za kununua piano ya okazio. Nikasimama na ujasiri wote wa mtu mwenye diplome: "Tuchukue ile, juu marke yake iko na jina. Hata opera kubwa zinaitumia!" Maître wetu wa kwaya akaniangalia: "Mwanangu, kwenye opera, piano inasikika saa ngapi?" Sikuwa na jibu.

Bandugu, jibu nimelipata. Siku ya onyesho, katika opera nyingi, piano haisikiki kabisa. Anayesindikiza waimbaji ni orkestra. Piano inafanya kazi yake wiki nyingi mbele ya hapo, katika chumba cha mazoezi. Pale mpiga piano mmoja anashika nafasi ya orkestra nzima, anarudia kipande kilekile mpaka mwimbaji akishike. Sifa inatoka jukwaani, kazi inafanyika nyuma ya mlango.

Tuchukue mfano wa Knabe. William Knabe, mhamiaji kutoka Ujerumani, alianza kazi ya piano Baltimore, Marekani, katika miaka ya 1830. Katika miaka ya 1920 Knabe ikawa piano rasmi ya Metropolitan Opera ya New York, na lile neno "rasmi" likaingia kwenye matangazo. Lakini angalia vizuri: katika miaka ya 1930, piano za Knabe hazikutoka tena Baltimore. Zilitengenezwa East Rochester, pamoja na marke zingine. Leo jina ni mali ya Samick ya Korea Kusini. Jina limesafiri, mafundi wa Baltimore hawakusafiri nalo.

Sisemi Knabe ya leo ni mbaya, wala kwamba opera ilidanganya watu. Piano inayovumilia mazoezi ya kutwa nzima imefaulu mtihani mgumu. Ila waliofaulu ni zile piano zenyewe, za miaka ile, na fundi wa kupanga sauti akiwa karibu. Piano iko na nyuzi zaidi ya 200, zinazovuta kwa nguvu ya tani karibu 20, na mbao zake zinakunywa unyevu. Kwetu hapa, mvua haiulizi marke.

Tena sisi wenye diplome tunajua huu mchezo. Tunatanguliza jina la chuo mbele ya kazi ya mikono yetu, kisha tunashangaa mkubwa wa kazi anapotuambia: "Sawa, nionyeshe unachojua."

Kwa kumaliza: tulinunua ile ingine, ya jina ambalo hakuna aliyelijua. Maître aliketi, akagusa funguo zote 88, moja moja, masikio karibu na mbao. Mimi nilisimama pembeni, nikinyamaza. Na wewe, kitu gani ulinunua juu ya jina tu?