Koleo Libanwe Wapi? Kuchomelea Meli Gatini Kisumu

MV Uhuru, meli ya mwaka 1966, hubeba mabehewa. Ikitia gati Kisumu, daraja la chuma huunganisha reli za nchi kavu na zile za sitahani. Mabehewa ya mafuta yanayokwenda Port Bell hupitia hapo. Fundi wa kuchomelea ana sababu ya kulichunguza daraja hilo kabla hajawasha mashine, kwa kuwa umeme nao hupita humo.

Tuseme mashine iko gatini na koleo la kurudisha umeme limebanwa kwenye reli. Rodi inawaka vizuri, mshono unapendeza. Lakini ampea 150 zilizotoka mashineni lazima zirudi huko huko. Zitapita darajani, kwenye kamba za waya zilizofunga meli, na kwenye waya wa arthi wa umeme unaoletwa melini kutoka gatini. Huo wa mwisho ndio unaonitia hofu kuliko yote. Kazi yake ni kubeba hitilafu ya muda mfupi tu, si ampea za mchana kutwa. Ganda huungua ndani ya bomba bila mtu kuona, waya hukatika, na siku mota ya melini itakapovuja umeme, anayeishika hana kinga.

Umeme mwingine hupita majini. Kwa mashine ya DC, ampea 1 ikitoka kwenye chuma na kuingia majini kwa saa 1 hula takriban gramu 1 ya chuma hicho, hasa pale rangi ilipochubuka, ikiacha vishimo vyenye kina. Ziwa Victoria halina chumvi, hivyo maji yake hupitisha umeme kidogo sana yakilinganishwa na ya bahari pale Mombasa. Hiyo ni nafuu kwa bamba, ila mzigo huzidi kwenye kamba na arthi.

Dawa ni kupandisha mashine melini, au kuvuta waya wa kurudi wenye unene sawa na wa rodi, ganda zima, hadi kwenye bamba lile lile linalochomelewa. Hapo pakwanguliwe mpaka pang'ae. Ukichomelea karibu na shafti, koleo likae upande ule ule wa beringi, la sivyo umeme utaitoboa toboa beringi. Bodi ya mashine iwe na arthi yake peke yake.

Kisha rodi ikiwa inawaka, zungushia mita ya koleo inayopima DC kwenye waya wa arthi wa gatini na kwenye kila kamba ya waya. Ikionyesha ampea yoyote, zima, ukague waya wa kurudi tangu mwanzo.