Sikio la Mnarani

Nyumbani kwa mjomba wangu, Ukonga, mtoto hatumwi dukani kwa haraka. "Mkate mmoja, maziwa paketi mbili, chenji urudi nayo." Mtoto keshafika mlangoni. "Hebu rudi. Nimekuagiza nini?" Mtoto anavuta pumzi. "Mkate mmoja, maziwa paketi moja, chenji nirudi nayo." Mjomba hapandishi sauti wala hacheki. "Maziwa paketi mbili." "Maziwa paketi mbili." "Haya, nenda."

Wageni huona ni ukali wa uzee. Lakini mzee huyu aliongoza ndege kwa miaka mingi, na hadi leo, akiwa barazani kwake, anazisikia injini zikishuka kuelekea uwanja wa Julius Nyerere. Alipostaafu aliacha mnarani rada, redio na vile vipande vya karatasi vyenye majina ya ndege vilivyopangwa mbele yake. Alichoondoka nacho ni mazoea ya kutoliamini neno mpaka limerudi. Nimekaa naye vya kutosha kuona kwamba mazoea hayo ni ufundi kamili, wenye kanuni zake na uzuri wake, na ufundi huo hausifiwi inavyostahili. Abiria tukitua salama humshukuru Mungu, kisha rubani. Aliyekuwa mnarani hatumfikirii, maana kazi yake ikienda vizuri hakuna kinachotokea.

Kazi yenyewe huenda hivi. Mwongoza ndege anatoa kibali: shuka hadi kimo fulani, elekea nyuzi kadhaa, tua kwenye njia fulani. Rubani hajibu "sawa" akaendelea na safari. Anarudia vyote: kimo, nyuzi, namba ya njia, kipimo cha mgandamizo wa hewa, kisha anataja jina la ndege yake ili ijulikane ni nani aliyepokea. Hapo watu wengi wangedhani mazungumzo yamekwisha. Mjomba anasema hapo ndipo kazi inapoanza, kwa sababu sasa ni zamu ya mnara kusikiliza. Aliwaambia wanafunzi wake sentensi moja ambayo naikumbuka kila nikizungumza na mtu kwa simu: "Usisikilize ulichosema. Sikiliza alichosikia."

Ni jambo gumu kuliko linavyoonekana. Sikio la binadamu hupenda kusikia linachotarajia. Ukishatamka namba, ile namba inabaki inalia kichwani mwako, na mwenzako akikurudishia nyingine inayofanana nayo, kichwa kinakubali ile ya kwanza. Fikiria umechoka, usiku wa manane, ndege tano ziko kwenye masafa yako, na huyu ni wa kumi na saba kukurudishia namba tangu uketi.

Kisa anachokitaja mjomba kila mara kilitokea jirani, Nairobi, Septemba 3, 1974. Boeing 747 ya British Airways ilikuwa ikitoka Johannesburg na kukaribia uwanja wa Embakasi, ambao leo ni Jomo Kenyatta. Mwongoza ndege akawapa kibali cha kushuka hadi futi 7,500, akitamka tarakimu moja moja: saba, tano, sifuri, sifuri. Ndani ya chumba cha marubani ikasikika tano, sifuri, sifuri, sifuri. Wakaweka 5,000 kwenye mitambo. Wakairudisha 5,000 kwa mnara, na kosa likapita bila kukamatwa.

Sasa Nairobi iko nyanda za juu. Uwanja wenyewe uko zaidi ya futi 5,300 juu ya usawa wa bahari. Lile dude kubwa, lenye abiria ndani, lilikuwa linateremka kwa utulivu kabisa ndani ya mawingu kuelekea kimo kilichokuwa chini ya ardhi. Mawingu yalipoachia, marubani wakaiona nchi iko pale pale chini yao, wakainua pua ya ndege. Ilikuwa imebaki takriban futi 70. Mnazi mrefu wa pwani haupungui sana hapo. Hakuna aliyekufa, na nadhani ndiyo sababu kisa hiki hakikumbukwi. Watu hukumbuka maafa. Mimi kinachonikaa moyoni ni ile sekunde ambapo namba isiyo sahihi ilikuwa hewani, imesemwa kwa sauti, na dawa yake ilikuwa neno moja tu kutoka chini.

Leo kanuni za kimataifa zinataka kimo cha namna ile kisemwe kwa maelfu na mamia: elfu saba na mia tano. Neno "elfu" na neno "mia" hushika nafasi zake, na tarakimu haiwezi kuteleza kirahisi ikaingia kiti cha mwenzake. Lugha yote ya anga imejengwa hivyo, tundu moja moja likizibwa baada ya kuvuja.

Maneno yake ni ya Kiingereza, ila hata Mwingereza lazima aende darasani kujifunza. Tatu hutamkwa "trii", kwa sababu mataifa mengi hayana ile sauti ya "th". (Sisi tunayo katika thelathini na themanini, lakini hatukupewa msamaha, nasi husema trii.) Tano ni "faifu", isije ikasikika kama neno la moto. Tisa huongezewa mkia ikawa "naina". Herufi nazo zina majina, kuanzia Alfa na Bravo hadi Zulu, yaliyoanza kutumika rasmi mwaka 1956 baada ya watu wa lugha mbalimbali kuyajaribu masikioni mwao. Alfa iliandikwa kwa "f" na Juliett ikapewa "t" mbili mwishoni ili Mfaransa asimeze herufi ya mwisho anavyofanya kwao. Mtu aliyekaa akaliwazia sikio la mgeni kiasi hicho, nasema huyo ana adabu.

Na sisi tunaijua shida hii, hatuhitaji kupanda ndege. Msomee mtu namba ya simu sokoni Kariakoo ili akutumie pesa. Tatu na tano zinagongana, nne na nane zinamezana, daladala inapiga honi. Wakala mzuri hakubali. Anakurudishia namba zote, anakusomea jina lililotokea, anasubiri useme ndiye. Hakufundishwa na mtu wa anga. Pesa zilizopotea ndizo zilizomfundisha.

Hata "ndiyo" yetu ina mtego. Ukimuuliza mtu, "Hujaondoka?" akijibu "Ndiyo," kwetu maana yake hajaondoka. Kwa mwenye lugha nyingine, ameshaondoka. Ndiyo maana mnarani kukubali kuna neno lake, kukataa kuna lake, na "Roger", ambalo filamu zimelitumia ovyo, lina maana moja nyembamba: nimepokea ujumbe wako wote. Haisemi nimekubali. Haisemi nitafanya. Anayeahidi kutekeleza husema "Wilco". Huwa napenda sana pengo hilo kati ya kusikia na kuahidi. Katika nyumba nyingi na ofisi nyingi pengo hilo hatujaliona, na tunagombana humo humo.

Lilipofumbiwa macho, dunia ilijua. Machi 27, 1977, katika uwanja wa Los Rodeos, kisiwani Tenerife, ukungu ulikuwa umefunika kila kitu na Boeing 747 mbili zilikuwa kwenye njia moja ya kurukia. Ile ya KLM ilipewa maelekezo ya njia ya kufuata angani, yenye ndani yake neno la kupaa, ingawa ruhusa ya kupaa ilikuwa bado. Rubani msaidizi akarudia maelekezo, akaongeza kwamba sasa wako kwenye kupaa. Mnara ukajibu "OK", ukanyamaza kidogo, kisha ukamwambia asubiri. Wakati huo huo ile ya Pan Am ikatangaza kwamba bado iko barabarani. Sauti mbili kwenye masafa mamoja huzaa filimbi, na ndani ya chumba cha KLM kilichobaki wazi ni ile "OK". Watu 583 walikufa. Tangu hapo neno la kupaa limefungiwa kabatini: halitamkwi ila wakati wa kutoa ruhusa yenyewe au kuifuta. Kwingine kote hutumika neno la kuondoka. Mjomba akisimulia hapa hushusha sauti. Anasema kila neno la kitabu kile ni kaburi la mtu.

Lipo na neno la kuomba msaada, "Mayday", lililobuniwa miaka ya 1920 na Frederick Mockford, ofisa wa redio uwanja wa Croydon, London. Ndege nyingi za pale zilikwenda Paris, naye akachukua matamshi ya Kifaransa ya "nisaidie". Husemwa mara tatu, na likisemwa, wengine wote hunyamaza. Januari 25, 1990, marubani wa ndege ya Avianca kutoka Colombia walizungushwa angani zaidi ya saa nzima wakielekea New York. Waliomba kipaumbele, wakasema mafuta yanawaishia, lakini neno lile hawakulitamka. Mafuta yakaisha kweli. Watu 73 wakafa kule Long Island. Nafikiri mara nyingi juu ya heshima ile ya kutotaka kusumbua, maana ni heshima ya watu wa kwetu pia.

Mambo mengine ya lugha hii yananipa furaha tupu. Neno rubani tulilitoa baharini, kwa wapitisha meli bandarini, tukalipandisha angani bila kulibadilisha. Mabaharia wetu huuita upepo kwa kule unakotoka, na mnarani ni vile vile. Kaskazi ukivuma Dar es Salaam, ndege huukabili na kutua kwenye njia iitwayo sifuri-tano, kwa kuwa inaelekea karibu nyuzi 50 za dira. Ukiijia kutoka ncha ya pili, lami ile ile inaitwa mbili-tatu. Na muda! Saa tatu asubuhi ya Mswahili, simu yake inaandika 09:00, na daftari la mnarani linaandika 06:00, maana anga lote la dunia hufuata saa ya Greenwich, iitwayo Zulu. Mjomba alitembea na saa za aina tatu kichwani na hakuchelewa msiba wala harusi.

Nilimuuliza kama hakuichoka lugha isiyo na utani, isiyo na salamu, usiku kucha. Akanieleza safari za kwenda kaskazini, saa nane za usiku. Ndege ikifika mpakani humkabidhi mwenzake wa Nairobi: anampa rubani masafa mapya, tarakimu moja moja. Rubani anazirudisha zote. Mjomba anazisikiliza mpaka ya mwisho, zote ziko sawa, kazi imekwisha. Kisha, nje ya kitabu, sauti ile ile inaongeza: "Asante sana, kwaheri." Naye, kabla hajaachia kitufe, "Kwaheri."

Baada ya hapo, alisema, unabaki mvumo wa redio peke yake, na unangoja anayefuata.