Kupanga Asubuhi ya Ndege, Uriri

Baba mdogo hupanga safari ya ndege kwa kufuta. Novemba ikianza, akijua kwamba wajukuu watafika Uriri kwa likizo ya Desemba, hufungua daftari na kuorodhesha kila mahali ambapo angependa kuwapeleka: daraja la Mto Kuja, mashamba ya miwa yaliyovunwa karibuni, Ruma, ziwa Simbi Nyaima, ufuo wa Nyatike. Kisha hukata mstari mmoja baada ya mwingine mpaka yabaki mawili au matatu. Wengi wetu tukipanga likizo huongeza. Yeye hujiuliza ni nini ambacho familia yenye nyanya mkongwe, watoto wa chekechea na darubini za kushirikiana inaweza kukitazama bila haraka.

Ruma hufutwa mapema. Mbuga hiyo ya bonde la Lambwe, kilomita za mraba 120 zilizotengwa mwaka 1966 na kufanywa mbuga ya kitaifa mwaka 1983, inajulikana kwa wapenda ndege kwa sababu ya mbayuwayu wa buluu. Lakini mbayuwayu huyo hukaa Ruma kati ya Aprili na Septemba. Desemba yuko kwenye nyasi za nyanda za juu kusini mwa Tanzania na nchi za mbele yake, akilea makinda. Baba mdogo huwaeleza watoto hayo kabla hawajauliza, na naliheshimu sana jambo hilo. Anayepanga vizuri hujua nani hayupo, na hasiti kulisema.

Waliopo Desemba ni wageni wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia. Tuseme kweli, wanakimbia njaa zaidi: theluji ikishuka, wadudu hutoweka, na ndege anayekula wadudu hana budi kuhama. Ndiyo maana mbayuwayu wa kawaida, mwenye uzito wa gramu ishirini hivi, huruka kutoka mazizi ya huko hadi mashamba yetu. Zamani watu wa Ulaya walijua tu kwamba huondoka. Mwezi Mei 1911 wakili mmoja wa Staffordshire, Uingereza, John Masefield, alimvisha mbayuwayu pete mguuni; Desemba 1912 ndege huyo akakamatwa Natal, Afrika Kusini. Hapa Kenya kazi ya pete imefanywa Ngulia, katika Tsavo Magharibi, tangu mwaka 1969: usiku wa ukungu wa Novemba na Desemba, taa za hoteli huwavuta wahamaji waliopoteza njia, nao huingia kwenye nyavu nyembamba, hupimwa, huvishwa pete na kuachiliwa.

Miongoni mwao hupita kandege ka kahawia ambako wataalamu hukaita Acrocephalus palustris. Ukikaona hakakushangazi. Lakini Françoise Dowsett-Lemaire, aliyechunguza nyimbo zake Ubelgiji na kuchapisha matokeo mwaka 1979, alitambua ndani yake sauti za ndege wa aina 212 wengine, na 113 kati yao ni wa Afrika. Dume huyo hujifunza sauti za kwetu akiwa safarini, kisha huziimba kwenye magugu ya Ulaya kumvutia jike. Baba mdogo husimulia hili jioni ya kwanza, watoto wakiwa wamezunguka jiko. Asubuhi yake hakuna haja ya kumwamsha mtu mara mbili.

Wakati uo huo Ufaransa, familia zenye makoti mazito husimama machweo kando ya Lac du Der, huko Champagne, kungoja korongo wa kijivu, binamu za korongo taji wetu, warudi kulala majini kwa maelfu. Ningependa kuwaona. Mpangaji wa huko naye bila shaka ana daftari lake.

Sasa nije kwenye ufundi wenyewe. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tunakuwa tumeshafika kwenye shamba la miwa lililovunwa, jua likiwa mgongoni. Hilo la jua amelipima siku iliyotangulia, peke yake, akitembea mpakani mwa shamba kutafuta pa kusimama, kwa sababu ndege aliye kati yako na jua ni kivuli tu. Huchagua upande wenye njia ya murram, kwani mvua za vuli zikinyesha, udongo mweusi hushika gambuti na watoto huanza kulia. Huwakataza watu nguo nyeupe. Nyanya hupelekewa kiti cha plastiki kwa bodaboda na kuwekwa chini ya mti palipo na ng'ombe, na kiti hicho ndicho sehemu ya mpango ninayoipenda kuliko zote. Ng'ombe wakitembea huwatimua panzi. Yangeyange huwafuata, na pamoja nao wale wageni wadogo wenye tumbo la manjano wanaotikisa mkia bila kupumzika. Nyanya, ambaye hawezi kutembea mbali, huwaona kwa macho matupu kwa karibu kuliko sisi tunaozunguka na darubini.

Watoto hufundishwa darubini kwa namna moja tu. Mkazie ndege macho. Usiangalie chini, usiitafute darubini; inyanyue mpaka ikutane na macho yako, na ndege atakuwa humo ndani. Anayeshusha macho huzungusha darubini angani kama anayetafuta ufunguo gizani. Baba mdogo huwafanyisha zoezi hilo kwa kigingi cha uzio, tena na tena, kabla hajawaruhusu kumwelekea kiumbe anayeruka.

Lakini darubini ni ya pili. Sikio ndilo la kwanza, na hapo anatumia elimu ya zamani ya Waluo. Wazee wa sehemu hizi walitega aluru, yaani kwale wadogo, kwa kutundika vitundu vya kusuka juu ya mti mrefu, ndani yake madume wanaoita, na mitego ikiwa chini. Mtegaji alipaswa kujua kwa sauti tu kama aluru wa porini anajibu, yuko upande gani, anakaribia au anasita. Baba mdogo alikua akiwasikiliza wazee hao, na sasa anautumia ustadi ule ule bila mtego. Hutusimamisha kimya, huinua kidole kila sauti mpya inapotokea, kisha huwauliza watoto: wangapi? Wapi? Karibu au mbali? Jina huja mwisho.

Safari ndefu huwa moja, nayo ni Simbi Nyaima, karibu na Kendu Bay. Ni ziwa dogo la chumvi ndani ya kreta, na watoto hulipenda kwa hadithi ya kijiji kilichozama baada ya kumnyima kikongwe hifadhi. Heroe hukusanyika hapo, lakini huhama kutoka ziwa hadi ziwa wakifuata chakula. Kwa hiyo kwenye daftari safari hiyo huitwa "kuona ziwa".

Anayoyaona huyatuma kwenye ramani ya ndege ya Kenya, inayogawa nchi katika miraba ya takribani kilomita tisa kwa tisa. Orodha kamili hutaka angalau saa mbili za kutazama, na ndege huandikwa kwa utaratibu walivyoonekana, wa kawaida kwa wa nadra. Desemba iliyopita, ndege wa mawindo wa kahawia alipita chini chini juu ya miwa, kiuno cheupe. Majike wa aina mbili za wahamaji hufanana hivyo, na hata mabingwa huwachanganya. Mjukuu mkubwa alitaka aandikwe aliye adimu zaidi. Baba mdogo alimwomba achore alichokiona: bawa, shingo, mkia. Walikaa na mchoro ule na kitabu mpaka chai ikapoa, na mwishowe kwenye daftari pakaandikwa "mmoja kati ya hao wawili", na mchoro ukabandikwa kando yake.